Kitabu, podikasti au kikundi? Kwa apendaye kushona hapa Dodoma

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji huu umepokea watu wengi waliokuja na ajira zao wakawaacha kwingine mafundi waliowazoea. Baadhi yao wana cherehani ndani. Huyu amerithi Singer ya bibi yake, yule amenunua Butterfly ya kukanyaga ili umeme ukikatika asikwame. Mchana wako ofisini, jioni wanashona. Hawana mpango wa kufungua duka. Wanataka shingo ya gauni ilale vizuri, zipu isifanye mawimbi, na mkono usivute kwapani. Waongeze wasichana waliomaliza kidato cha nne wakawa nyumbani, na kina mama wa Chang'ombe, Ipagala na Nzuguni wanaoshona sare za kwaya, utapata watu wengi wenye swali moja: nikishajua kushona mstari ulionyooka, yaliyobaki nijifunzie wapi?

Majibu yanayotajwa mara nyingi ni matatu. Kuna vitabu. Kuna podikasti, yaani vipindi vya sauti unavyosikiliza kwenye simu. Na kuna kukaa na watu wanaoshona, iwe kikundi cha mtaani, baraza la fundi au darasa la chuo. Mimi nimeegemea upande mmoja na ni vizuri msomaji aujue mapema: mwenye uwezo wa kuchagua kimoja tu achague watu, kitabu kifuate, podikasti ije mwisho. Wapo hata hivyo ambao kwao mpangilio huo unageuka kabisa, na nitawafikia.

Kitabu

Kwanza tutenganishe vitabu vya kukata na vitabu vya kushona, maana anayenunua kimoja akitarajia kingine hukiweka kabatini baada ya wiki moja. Kitabu cha kukata hufundisha kuchukua vipimo vya mwili na kuvigeuza mchoro wa karatasi, ile pateni. Kitabu cha kushona huanzia pale kitambaa kilipokwisha kukatwa: namna ya kuweka zipu, kugeuza kola, kupachika mfuko, kumalizia pindo.

Kwa kukata, vitabu viwili vinavyojulikana sana vyuoni ni cha Mwingereza Winifred Aldrich, "Metric Pattern Cutting", kilichotoka mara ya kwanza miaka ya 1970, na cha Mmarekani Helen Joseph-Armstrong, "Patternmaking for Fashion Design", cha mwaka 1987. Tofauti inayomgusa mshonaji wa hapa ni kipimo. Aldrich anapima kwa sentimeta, kama jina la kitabu linavyosema. Joseph-Armstrong anapima kwa inchi, na mafundi wetu karibu wote huzungumza kwa inchi. Mwambie fundi cherehani wa mtaa wa Majengo kwamba kifua ni sentimeta 97 atakutazama kwanza, kisha atageuza futikamba upande wa pili aone ni ngapi. Kwa hiyo mtu aliyekwisha zoea inchi atamwelewa Mmarekani haraka zaidi, ingawa kitabu chake ni kinene na kina mambo mengi ambayo mtu wa gauni na sketi hatayahitaji. Cha Aldrich ni chepesi kubeba na kikavu kusoma: mchoro, namba, mstari mmoja wa maelezo. Kutoka 0 hadi 1 shuka kiasi hiki, kutoka 1 hadi 2 ingia kiasi hiki.

Ukavu huo una faida ambayo watu hawaioni. Vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza, na wengi wetu hukata tamaa hapo. Lakini kitabu cha kukata kinasema zaidi kwa mistari na namba kuliko kwa sentensi. Mtu wa darasa la saba anayejua kutumia rula, na akafundishwa maneno machache kama bega, kifua, kiuno na nyonga kwa Kiingereza, anaweza kuchora mchoro wa msingi wa gauni bila kusoma aya nzima. Nimewaona wanawake wasiozungumza Kiingereza hata kidogo wakifuata mchoro wa namna hiyo mpaka mwisho, kidole kimoja kwenye kitabu na kalamu mkono wa pili.

Kwa kushona, mimi napendekeza "The Sewing Book" cha Alison Smith, kilichotoka mwaka 2009. Nguvu yake ni picha. Kila hatua imepigwa picha kwa karibu, uzi wa rangi tofauti na kitambaa ili uone sindano imepita wapi. Hiki nacho lugha yake si kikwazo kikubwa.

Sasa tahadhari moja, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu inaharibu nguo nyingi. Pateni zinazouzwa na kampuni kubwa za Marekani huachiwa nafasi ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mstari wa uzi na ukingo, ya inchi 5/8, ambayo ni takriban sentimeta 1.5. Jarida la Burda la Ujerumani, lililoanzishwa na Aenne Burda mwaka 1950, kwa desturi halikuweka nafasi yoyote. Unaiongeza mwenyewe unapokata. Mafundi wetu wengi hushona nusu inchi, yaani sentimeta 1.27. Tofauti ya 1.5 na 1.27 inaonekana si kitu. Chukua sketi ya vipande sita. Ina mishono sita, na kila mshono una kingo mbili, jumla kingo 12. Ukiacha sentimeta 0.23 kila ukingo, sketi imeongezeka sentimeta 2.76, zaidi ya inchi nzima. Sketi inateleza kiunoni, na mwenye kushona anailaumu pateni. Kabla hujakata chochote kutoka kitabuni, tafuta ukurasa unaosema nafasi ya mshono ni kiasi gani au kama haipo, uandike kwa kalamu kwenye karatasi yako.

Jambo jingine ambalo vitabu vya nje vinafanana na maisha yetu bila kukusudia ni upana wa kitambaa. Michoro yao ya kupanga vipande mara nyingi inatolewa kwa kitambaa cha sentimeta 115 na cha sentimeta 150. Kitenge kina upana wa kama inchi 45 au 46, ambazo ni hizo 115. Kwa hiyo ukiona mpangilio wa 115, unaweza kuutumia kwa kitenge bila hesabu mpya.

Lakini kitabu hakijui kwamba kitenge chako kina maua makubwa kama sahani. Hakikuambii ukunje kitambaa namna gani ili duara mbili zisije zikakaa juu ya matiti, wala kwamba ndege waliochapwa wakitazama juu wataruka kichwa chini ukigeuza kipande cha nyuma ili kuokoa nusu yadi. Kuhusu khanga ndiyo kabisa hakina la kusema. Khanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, ina jina chini. Kushona gauni la khanga ni kuamua pindo liangukie wapi, na jina lisomeke wapi bila kukatwa vipande viwili na bila kukaa mahali pa aibu. Elimu hiyo ipo vichwani mwa watu, na huipati mpaka ukae nao.

Kuhusu upatikanaji: kuagiza kitabu kipya kutoka nje, pamoja na usafirishaji, ni fedha ambayo ingeweza kukununulia doti kadhaa za kitenge kizuri. Kabla ya hapo pita maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Maktaba zinazopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey huweka ushonaji na mavazi kwenye namba 646, na utengenezaji wa nguo kiwandani kwenye 687. Uliza rafu hizo kwa namba, usiulize "vitabu vya mitindo", utapelekwa pengine. Vitabu vya zamani vya somo la Sayansi Kimu navyo visidharauliwe. Sura zao za mishono ya mkono, viraka na vifungo hazijapitwa na wakati.

Podikasti

Hapa nitakuwa mkweli bila kuwaudhi wapenzi wake. Kushona ni kazi ya macho na vidole, na sauti peke yake haiwezi kukuonyesha jinsi mkono unavyoingia kwenye shimo la bega. Anayetaka kujifunza kukata kwa kusikiliza atachelewa sana.

Podikasti inafundisha vitu vingine. Inakupa msamiati, inakufahamisha aina za vitambaa, inakufungua macho kuhusu watu wanaoshona mahali pengine na kwa nini wanashona. Iliyojulikana zaidi ni "Love to Sew" ya Wakanada wawili, Helen Wilkinson na Caroline Somos, iliyoanza mwaka 2017. Mmoja ana kampuni ya pateni na mwingine duka la vitambaa, hivyo wanazungumza kwa uzoefu wa biashara pia. Kuna "Stitch Please" ya Lisa Woolfork wa Marekani, iliyoanza 2019, inayowaweka mbele wanawake weusi wanaoshona. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukisikia mtu akieleza kwa nini bibi yake alishona nguo za kanisani mwenyewe badala ya kununua, unamfikiria bibi wa Mpwapwa aliyefanya vilevile, na kazi unayoifanya jioni sebuleni inapata uzito mpya. Kuna pia "Check Your Thread" ya Mwingereza Zoe Edwards, inayohusu kushona bila kupoteza: kutumia mabaki, kurekebisha nguo iliyokwisha valiwa. Kwa mji ambao mitumba inafunguliwa kila siku, mazungumzo hayo yana matumizi ya moja kwa moja. Shati kubwa la mwanamume lina kitambaa cha kutosha gauni la mtoto, na vifungo vyake juu.

Ugumu ni lugha, na hapa podikasti inashindwa na kitabu vibaya sana. Kitabu cha Kiingereza unaweza kukitazama. Mazungumzo ya Kiingereza ya watu wawili wanaochekeana na kukatizana huwezi kuyatazama. Mwenye Kiingereza cha kusomea barua ya ofisi tu atapoteza nusu. Halafu mengi wanayoyasema yanahusu maduka ya huko, bei za dola na vitambaa vya majira ya baridi ambavyo hapa hutavaa isipokuwa labda asubuhi za Juni na Julai upepo unapovuma.

Kwa upande wa gharama, sauti ni nafuu. Kipindi cha saa moja kilichotengenezwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde kinakula kama MB 58 za bando, na kwa kilobiti 64 ni nusu yake. Video ya muda huohuo itakula mara kadhaa zaidi. Pakua ukiwa na Wi-Fi ya ofisi au ya chuo, sikiliza nyumbani ukitoa nyuzi, ukipiga pasi au ukikata mabaki. Kwa kazi za namna hiyo, ambazo mkono unazijua na kichwa kiko huru, podikasti inafaa sana. Usiisikilize unapokata kitambaa kipya. Mkasi unataka akili yote.

Wapo watakaouliza kuhusu mafundi wa Kiswahili wanaofundisha kwa video. Hao wanafundisha vizuri, wengine vizuri sana, na ningewaweka karibu na kitabu kuliko podikasti kwa sababu unaona mkono ukifanya kazi. Tatizo lao ni mpangilio: leo gauni la mshazari, kesho kola, keshokutwa tangazo. Anayeanza anahitaji mtu wa kumwambia kipi kinatangulia.

Watu

Niseme kwa nini nimewapa watu nafasi ya kwanza. Kuna sehemu moja ya mwili ambayo hakuna mshonaji anayeweza kuipimia nguo mwenyewe, nayo ni mgongo wake. Ukisimama mbele ya kioo ukageuka kujitazama nyuma, mgongo umeshapinda, bega moja limepanda, na kitambaa kimevutika. Unachokiona kwenye kioo ni nguo ya mtu aliyejipinda. Vitabu vina sura nzuri za kurekebisha nguo isiyokaa, zenye michoro ya mikunjo na sababu zake, lakini zinachukulia kwamba yupo mtu amesimama nyuma yako.

Nitatoa mfano niliouona barazani kwa fundi mmoja, mama wa makamo, Majengo. Dada mmoja alikuwa amejishonea gauni la kubana na lilikuwa linajikunja mgongoni, mikunjo miwili mitatu ya kulala juu kidogo ya makalio. Alikuwa ameshaamua kwamba kiuno ni kikubwa na anataka kukibana.

"Usibane kwanza, mwanangu. Geuka."

Akashika gauni kwenye nyonga kwa vidole, akalivuta chini taratibu. Mikunjo ikaisha. Akamwambia, "Haya tembea mpaka pale mlangoni, urudi." Dada akatembea, gauni likapanda, mikunjo ikarudi.

"Umeona? Hapa chini pamekubana. Kitambaa hakina pa kupita, kinakimbilia juu. Fumua pembeni, nipe nusu inchi kila upande."

Wakafumua, wakashikiza kwa uzi wa mkono, gauni likashuka likatulia. Kama mikunjo isingeisha baada ya kupanuliwa nyonga, mama alieleza, basi sababu ingekuwa mgongo ulioingia ndani, na dawa yake ni kufinya kitambaa kwa kulala pale kiunoni, kukipima kilichofinywa, na kukipunguza kwenye karatasi ya nyuma kabla ya kukata nguo nyingine. Dalili moja, sababu mbili, dawa mbili zisizofanana. Angebana kiuno kama alivyotaka, gauni lingepanda zaidi. Jambo hilo lilimalizika kabla chai haijapoa, na yule dada hatalisahau.

Hayo hutokea barazani kila siku bila ada ya masomo. Lakini "watu" ni wa namna tofauti, na nao wanahitaji kulinganishwa.

Baraza la fundi linakupa mkono wenye uzoefu. Unakaa, unatumwa uzi na vifungo, unatoa nyuzi, unapiga pasi, baadaye unapewa pindo. Uanagenzi wa namna hii ni wa kale na unafanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba unajifunza anachokijua fundi huyo tu. Wengi hukata moja kwa moja juu ya kitambaa kwa chaki na macho, wala hawatumii karatasi. Wana kasi ya ajabu. Ukimwuliza kwa nini ametoa inchi moja na robo pale, atasema "ndivyo inavyokaa". Hapo ndipo kitabu kinapokusaidia: ukirudi nyumbani ukachora, unaelewa alichofanya. Na kama huna heshima ya kuamkia, kusubiri na kukubali kazi ndogo, utaondoka mapema. Mtu wa ofisini anayeingia na maswali kumi mfululizo wakati mteja anasubiri nguo ya harusi hapewi nafasi ya pili.

Vikundi vya kina mama, vya kanisani, vya msikitini au vya mtaa, vina joto zaidi na kasi ndogo. Kazi ya kawaida ni sare za kwaya, mashuka, mifuko, nguo za watoto, na mara nyingi kuna mchango wa kuweka na kukopeshana pembeni. Ukishona sare ishirini za aina moja, unashona kola ishirini, na kufikia ya kumi mkono wako umebadilika. Hakuna kitabu kitakachokufanya urudie kola mara ishirini. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba mkopo usio na riba kutoka halmashauri, kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kwa wanaofikiria kununua kwa pamoja mashine ya ovaloki, ile ya kumalizia kingo zisitoe nyuzi, hiyo ni njia ya kuizungumzia kikaoni. Nawasihi tu wasianzishe kikundi kwa ajili ya mkopo. Kikundi kilichoanza kwa kushona kinajua nani ana mkono gani na nani anatimiza ahadi, na hayo ndiyo yanayorudisha deni.

Darasa la chuo ni kwa mwenye muda. VETA wana kozi za ushonaji za muda mrefu na muda mfupi, na kwa fundi ambaye tayari anajua kazi bila cheti kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa kwa kile anachokiweza, anaongezewa kinachopungua, anapewa cheti. Nje ya mji kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya watu wazima vya Sweden. Chisalu kiko Mpwapwa, Munguri kiko Kondoa, na Singida wana chao. Baadhi ya vyuo hivi vina mahali pa kulelea watoto wadogo mama akiwa darasani, jambo ambalo kwa msichana aliyezaa mapema linaamua kama atasoma au hatasoma.

Na kuna maonyesho. Nane Nane ya kanda ya kati hufanyika Nzuguni mwezi Agosti, na wengi huenda kutazama ng'ombe na alizeti. Mpenda kushona apite mabanda ya wajasiriamali mapema asubuhi kabla ya umati, ageuze nguo ndani nje, atazame zilivyomaliziwa. Ukiona ukingo wa ndani umefunikwa kwa ukanda wa mshazari badala ya kuachwa unatoa nyuzi, umempata mtu wa kuzungumza naye. Muulize, na ununue kitu kama unaweza. Ushanga wa Kigogo nao huuzwa siku hizo, na umeanza kuonekana kwenye shingo za magauni ya kitambaa kimoja. Napenda mwelekeo huo na natamani wanaoufuata wamtafute mama anayejua kutunga ushanga wenyewe, wasiishie kubandika kwa gundi.

Ukiviweka pamoja

Kwa fedha, kikundi na baraza ni nafuu mfukoni na ghali kwa muda. Kitabu ni kinyume: unalipa mara moja, kinakaa miaka, hakikusubirishi. Podikasti ni nafuu kwa yote mawili, na inakupa kidogo kuliko wenzake kwa upande wa mikono.

Kwa usahihi, kitabu kinaongoza. Ukingo wa juu wa mkono wa gauni huwa mrefu kidogo kuliko shimo unaloingia, kama inchi moja hadi moja na nusu kwa kitambaa kisichovutika, na ziada hiyo huminywa taratibu juu ya bega ili mkono upate umbo. Fundi mzuri anafanya hivyo bila kusema. Kitabu kinakuambia ni kiasi gani, wapi pa kuanza kuminya na wapi pa kuacha. Ukishasoma hilo, kisha ukamtazama fundi akipachika mkono, unaona vitu ambavyo jana ulivipita.

Kwa kurekebisha kosa, watu wanaongoza, na hakuna anayewakaribia. Kitabu hakikuoni.

Kwa mazingira ya hapa, karatasi haina shida na kukatika kwa umeme, ila vumbi la kiangazi linaingia hata ndani ya cherehani iliyofunikwa. Hilo ni somo ambalo utalipata barazani siku ya kwanza: funika, piga brashi chini ya bamba la sindano, tia mafuta ya mashine, shona kwanza kwenye kipande kibovu mpaka mafuta yaishe kutoka kwenye uzi.

Sasa wale niliosema mpangilio wao unageuka. Mtumishi aliyehamia peke yake, anayerudi nyumbani saa mbili usiku na kusafiri nusu ya mwezi, akianza na kikundi atakosa vikao na kuona haya kurudi. Huyo aanze na kitabu cha kukata, achore mchoro wa msingi wa mwili wake kwa utulivu, kisha amtafute fundi mmoja wa kumsimamia mgongoni siku ya kujaribu. Akiwa na Kiingereza kizuri na upweke mwingi, podikasti itamfaa kuliko anavyodhani. Mwanafunzi wa UDOM mwenye intaneti na asiye na cherehani naye aanze kwa kusikiliza na kusoma huku akishona kwa mkono. Mishono ya mkono haina gharama na ndiyo msingi wa kushikiza.

Msichana anayetaka kushona kuwe kazi yake asizunguke. Aende kwa fundi au chuoni, na kitabu akifungue akishaweza kushona sketi iliyosimama. Mama mwenye watoto na cherehani ya kukanyaga, kikundi cha karibu ndicho chake, hata kama kinashona mifuko tu mwaka wa kwanza. Na fundi wa miaka mingi ambaye wateja wameanza kumletea picha za simu asizozielewa, huyo ndiye ambaye ningempa kitabu kabla ya mtu mwingine yeyote mjini. Mkono anao tayari. Akipata mchoro, ataona ile nguo ya kwenye picha imekatwaje, na hatalazimika kubahatisha kitambaa cha mteja.

Ukiamua kwenda kwa watu, chagua wakati. Kuanzia mwishoni mwa Novemba mafundi wanalemewa na nguo za Krismasi, halafu Januari sare za shule, na siku za kuelekea Idd hakuna anayekaa. Baada ya mavuno harusi zinaanza. Februari na Machi, kama Idd haijaangukia hapo, mvua ikiwa bado inanyesha na watu wengi wakiwa na fedha zao shambani, barazani pana nafasi, na fundi ana muda wa kujibu swali. Nenda na nusu yadi yako ya kitambaa, mkasi wako, na nguo moja uliyoishona ambayo haijakaa vizuri.